Buluu ya kiza, Malindi ya Unguja: shajara ya vyumba vitatu

Disemba, kaskazi imeanza

Vyumba vitatu tu ndivyo tutakavyovigusa kabla ya Ramadhani: ukumbi wa juu, chumba cha kulala kinachoangalia kichochoroni, na kile cha nyuma cha matofali ya saruji ambacho marehemu babu alikiongeza juu ya jiko. Nje hatugusi. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kubadilisha uso wa nyumba anaanzia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Shida zetu ziko ndani, zinatutosha.

Rangi imeshachaguliwa. Nimeichagua mimi, wengine wamenyamaza, na kimya hicho nimekihesabu kuwa ridhaa. Ni buluu iliyokoza inayoingia kijivu, kama bahari ya kusi mvua ikiwa njiani. Binamu yangu aliyeko Uingereza ndiye aliyenitia tamaa kwa picha: huko watu wanaipaka kuta, milango, rafu za vitabu, mpaka dari. Kampuni ya Farrow & Ball ya Dorset inauza rangi mbili za ukoo huu. Moja ni Hague Blue, buluu nzito yenye kijani kwa mbali. Nyengine ni Down Pipe, kijivu cha risasi kilichofichwa buluu ndani yake. Mimi nataka iliyo katikati ya hizo mbili. Kopo lenyewe siagizi, kwa bei ile na usafiri wake bora ninunue milango. Nina kadi ya rangi, duka la mjini litachanganya kwa mashine.

Shangazi ndiye mkubwa wa nyumba, kwa hiyo kadi ilipita kwake. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaiweka gotini.

"Mwanangu, hichi chumba cha kulala au mwanandani?"

"Cha kulala, shangazi."

"Na joto la kaskazi hili?"

Hoja ya joto nimeisikia kwa kila niliyemwambia, kwa hiyo niiandike. Rangi ya kiza hunywa mwanga wa jua na kuugeuza joto, hilo kweli, na ndiyo maana kuta za nje tunazipaka nyeupe. Lakini ukuta wa ndani haulioni jua. Joto la chumba linatoka juu kwenye paa na linapenya kupitia ukuta wa nje, na likishafika ndani halina habari kama limepokewa na nyeupe au buluu. Penye jua linaloingia dirishani moja kwa moja kutwa nzima ningefikiri mara mbili. Kichochoro chetu hakina jua hilo.

Hoja yake ya pili ilikuwa na uzito zaidi: mbu. Mbu hupenda kutulia penye kiza, na juu ya ukuta mweupe unamuona, unampiga kibao, mnaachana. Juu ya buluu hii utampapasa. Tena wale wapuliziaji wa dawa ya malaria, ambao Unguja na Pemba tunawafungulia milango tangu 2006, dawa yao ikikauka huacha weupe kama vumbi, na weupe huo kwenye ukuta wa kiza utaonekana kuanzia mlangoni. Sina jibu la hili isipokuwa kitambaa kikavu na chandarua. Chandarua tutanunua cheupe.

Disemba, katikati

Nimepaka ubao mwembamba wa plaiwudi mikono miwili, yaani mara mbili, nao unazunguka nyumba nzima kama mgeni asiye na pa kulala. Sipaki sampuli ukutani moja kwa moja: nyeupe inayoizunguka inaifanya ionekane nzito kuliko ilivyo, halafu unaogopa bure.

Ushauri wa Ulaya unakariri jambo moja, kwamba chumba cha dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, usikitie buluu wala kijivu. Huko ni sawa. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi huu jua la mchana linapita upande wetu wa kusini, na ikifika Juni litapita kaskazini. Dirisha lile lile linalala kivulini kwa miezi na kuchomwa kwa miezi. Ukitaka kujua mwanga wa chumba chako huku, tazama kilichoko mbele ya dirisha. Mbele ya letu upo ukuta wa jirani, umepakwa chokaa, karibu kiasi kwamba watu wawili wakipishana kichochoroni mmoja ageuke ubavu. Mwanga wetu wote unagonga pale kwanza.

Basi nimeutazama ubao kwa nyakati za sala. Baada ya alfajiri ni mweusi, huwezi kumwambia mtu ni buluu akakuamini. Kwenye saa nne ukuta wa jirani unawaka na buluu inatoka, safi. Adhuhuri imekufa, kijivu kitupu. Hiyo ndiyo saa yake mbaya na bahati nzuri hakuna mtu chumbani. Laasiri, jua likiwa manjano juu ya ukuta wa jirani, kinaingia kijani ambacho sikukiomba. Magharibi ndiyo saa yake. Ile nusu saa kabla ya kuwasha taa, shangazi mwenyewe alisimama mlangoni akasema "mmh", na "mmh" ya shangazi si kitu kidogo.

Hesabu yake ni hii: rangi ya namna hii hurudisha chini ya sehemu moja kwa kumi ya mwanga unaoipiga, nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya nane. Kwa hiyo chumba kitakuwa cha kiza, tusidanganyane. Ila chumba hichi kilikuwa cha kiza na weupe wake wote, na nyeupe isiyopata mwanga hugeuka rangi ya maji ya kuoshea mchele. Bora kiza cha kukusudia.

Ukumbi ni kesi nyengine. Ni mrefu na mwembamba kama kumbi zote za huku, kwa sababu ya boriti: mti wa mkoko haubebi dari ya mawe na chokaa kwa zaidi ya mita tatu hivi, ukaishia hapo upana wa chumba. Kuupaka wote buluu ni kuugeuza njia ya pango. Tutapaka ukuta wa mwisho peke yake, ule mfupi, ili usogee karibu na urefu upungue machoni, pamoja na matumbo ya vidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo. Sahani za kaure za bibi zimekaa vidakani miaka yote nyeupe juu ya nyeupe, hazionekani.

Disemba, mwishoni

Fundi amekuja na hakutazama rangi. Alipita ukutani anagonga kwa kifundo cha kidole, kichwa kimeinama, anasikiliza. Penye mlio mzito aliendelea. Penye mlio wa mwanya aliweka alama ya mkaa. Chumba cha kulala kilipata alama nyingi, zote chini ya kiuno.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, nene kiasi kwamba kizingiti cha dirisha unakaa na miguu yako. Ukuta wa hivyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, kazi ya kila siku, na hauumwi. Hapo nyuma kuna aliyeupiga lipu ya saruji mpaka kiunoni na kuifunika rangi ya mafuta, kwa nia ya kuzuia maji. Maji hayakuzuilika, yalikosa pa kutokea tu. Fundi alipoitia tindo lipu ilitoka vipande vizima kama sahani, na nyuma yake ukuta ulikuwa umerowa, umeota chumvi nyeupe yenye manyoya, ukiigusa inaanguka.

Chumvi hiyo huipigi maji. Ukiilowesha inayeyuka, inarudi ndani na kutoka tena wiki ijayo. Tumeipiga brashi kavu, tumefagia, tumeacha madirisha wazi ukauke na upepo wa kaskazi, tumepiga brashi tena. Lipu mpya ni ya chokaa.

Hapa ndipo mradi ulipobadilika. Ile rangi ya maji ya dukani, hata ya bei kubwa, ni plastiki inayokauka ikawa ngozi. Juu ya ukuta huu itafanya kazi ile ile ya saruji, ila taratibu. Kwenye nyeupe chumvi ikisukuma hutaiona mpaka rangi ianze kubanduka. Kwenye buluu ya kiza chembe ya kwanza tu inaonekana, na baada ya masika moja una ramani ya dunia ukutani. Tumekubaliana na fundi kwamba rangi ya kopo itakwenda chumba cha nyuma cha saruji na kwenye mbao. Kuta za zamani zitapakwa chokaa yenye rangi.

Januari, mwanzoni

Kukoza chokaa ni kazi ya ubishi. Chokaa yenyewe ni nyeupe, kila unachokitia kinazama kwenye weupe. Kanuni ya mafundi wa chokaa ni kwamba unga wa rangi usizidi kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Ukipita hapo chokaa haiwezi kuushika, ukauke vipi unaupangusa kwa kiganja. Kwa kipimo hicho kiza cha kwenye kadi hakipatikani. Kinachopatikana ni buluu ya kijivu ya wastani, yenye mawingu.

Wazee walikuwa wanatia nili kidogo kwenye chokaa ili weupe ung'are, na fundi alianza kwa kutaka tuongeze nili tu. Lakini si kila buluu inavumilia ukali wa chokaa. Buluu ya Prussia, iliyozuka Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ndani yake ni chuma, na chokaa huila ikabaki rangi ya kutu. Nilitia vijiko vya aina mbili za unga kwenye vikombe viwili vya chokaa, nikaviacha dirishani. Cha kwanza, chenye buluu ya Prussia, kilianza kuchacha rangi kuanzia ukingoni, kikaishia kahawia ya chai ya maziwa. Cha pili, chenye buluu ya altramarini, hakikutingishika. Altramarini zamani ilisagwa kutoka jiwe la lapisi la Badakhshan, Afghanistan, ghali kuliko dhahabu kwa baadhi ya wachoraji. Tangu miaka ya 1820 inatengenezwa kiwandani na siku hizi haimtoi mtu jasho. Chokaa haiiwezi. Adui yake ni asidi.

Kijivu tumekipata kwa unga mweusi wa oksidi ya chuma, ndugu wa ule mwekundu wa sakafu. Fundi alipendekeza masizi. Masizi ni mepesi, yanaelea juu ya ndoo na yanatoka na michirizi, tumeyaacha.

Unga hautiwi mkavu ndooni. Unakorogwa na maji usiku, asubuhi unachujwa kwa kitambaa, kisha unaingia kwenye chokaa iliyozimwa zamani, nyepesi kama maziwa. Halafu ukuta unaloweshwa. Chokaa hukauka kwa kunywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevu ili imalize kazi. Kaskazi ikiikausha upesi inabaki vumbi. Kwa hiyo tumefunga madirisha, jambo ambalo mwezi wa Januari ni adhabu.

Mkono wa kwanza ulitisha. Ukiwa mbichi ulikuwa na kiza kile kile cha kadi, shangazi akapita kimya. Ulipokauka ulikuwa rangi ya shati lililofuliwa sana. Ndivyo chokaa ilivyo, mbichi na kavu ni rangi mbili mbali, na asiyejua hutia unga zaidi papo hapo akaiharibu. Tumekwenda mikono myembamba, mmoja juu ya mwengine, kila mmoja ukiacha sehemu fulani nzito na fulani nyepesi. Glavu na miwani kwa kila aliyeko chumbani. Chokaa ikiruka jichoni ni safari ya hospitali.

Januari, katikati

Chumba cha nyuma kimekwisha upesi na sina mengi ya kusema. Lipu ya saruji ni ya miaka mingi, kavu. Ingekuwa mpya ningengoja kama siku 28 kabla ya kuigusa. Chumba ni mita 3 kwa 4, kimo mita 3. Mzunguko mita 14 mara kimo ni mita za mraba 42, toa mlango na dirisha zibaki 38 hivi. Lita moja inafunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili unahitaji karibu lita 8. Makopo mawili ya lita 4, basi.

Mambo mawili tu. Praima, ile rangi ya chini inayotangulia, tumeitia kijivu. Rangi za kiza zinachanganywa kwenye kopo lisilo na weupe mwingi ndani yake, kwa hiyo hazifuniki kama watu wanavyodhani. Juu ya praima nyeupe ungepaka mikono mitatu na bado ungeona mapengo ya rola. La pili, makopo yote mawili tuliyamimina kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga. Mashine ni mashine, lakini kopo na kopo hazifanani sawasawa, na tofauti hiyo ukutani haifichiki.

Tumechagua mati, isiyong'aa. Kwenye rangi nzito mng'ao unaonyesha kila kovu la lipu. Gharama ya mati ni kwamba ukiisugua inapata mng'ao pale pale uliposugua, na kiraka cha rangi ya akiba kinaonekana. Watoto wenye mafuta ya nazi mikononi wamepigwa marufuku chumba cha nyuma, amri ambayo imeshavunjwa, ipo alama ya vidole vitatu karibu na swichi.

Januari, mwishoni

Ubishi na fundi. Alitaka chumba cha kulala kiwe na mstari kiunoni: chini rangi ya mafuta buluu, juu nyeupe. "Inafutika, bibie, na unabana matumizi." Yote mawili kweli. Ila kila aliyesoma skuli huku au kusubiri faili kwenye ofisi ya serikali anaujua mstari huo, na sitaki kuamka asubuhi nikijihisi nimechelewa paredi. Zaidi ya hapo, chini ya kiuno ndipo unyevu unapotokea. Tumepanda mpaka juu bila mstari. Kati ya boriti na boriti chokaa nyeupe, boriti zenyewe hazikupakwa kitu.

Mbao ndizo zilizomaliza kazi. Fremu, mbao za dirisha na mlango wa ndani tumezipaka ile buluu nzito ya kwenye kadi, ya mafuta. Sikutegemea zingefanya kazi kubwa hivi. Jicho likiingia chumbani linashika kile kilicho cheusi kuliko vyote, kisha linakopesha kiza hicho kwa kuta. Kuta ni za wastani, mtu akitoka anasema chumba ni cha kiza. Nimewauliza watu watatu kwa njia ya mzunguko, wote wamejibu hivyo.

Taa. Tulikuwa na balbu nyeupe za kawaida za dukani, Kelvini 6500 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, na chini yake chumba kilikuwa baridi, ngozi za watu kijivu. Nimezibadilisha kwa za 2700, zenye umanjano. Buluu imepungua kidogo na kijivu kimepata joto. Na taa moja ya dari haitoshi chumba hichi: ukuta hauurudishi mwanga, kwa hiyo kila unapotaka kuona uweke taa pale pale. Zipo mbili za kando ya kitanda, moja kidakani. Umeme ukikatika ni kiza kweli kweli, hilo shangazi ameniahidi kunikumbusha kila mara.

Februari

Samani zimerudi. Kitanda cha samadari, ambacho juu ya nyeupe kilikuwa kikubwa kupita kiasi, kimetulia. Kasha la bibi lenye misumari ya shaba lilikuwa limefifia, shangazi akaamua lisirudi chumbani hivyo. Alikaa sakafuni na nusu ya ndimu aliyoichovya kwenye majivu, anasugua msumari mmoja mmoja kwa kidole gumba, anaufuta kwa pindo la kanga kuukuu, anahamia wa pili. Nilimwomba alisogeze kasha mbali na ukuta. Tone la ndimu kwenye chokaa yenye altramarini linaifuta rangi, na linakula chokaa yenyewe. Alilisogeza, akiniuliza tangu lini ukuta ukawa na mwiko wa kula.

Shaba imepata mahali pake. Juu ya nyeupe ilikuwa inashindana na ukuta kwa mwanga. Sasa kila msumari unaonekana. Sinia la shaba limetundikwa kwenye ule ukuta mfupi wa ukumbini. Sahani vidakani zinasomeka kutoka ngazini. Zulia jekundu halikukubali, limekwenda chumba cha nyuma, mahali pake umelazwa mkeka wa Pemba wa rangi ya ukili mtupu.

Iliyobaki ni ngazi. Ukuta wake una alama za mkaa za fundi kuanzia chini mpaka kwenye mzunguko, na lipu ya saruji haijatolewa. Fundi anataka tuitoe sasa tumalize kabla ya mwezi kuandama. Mimi nataka ukuta uachwe uchi upite na masika, nione unyevu unapanda mpaka wapi, tupake chokaa kusi ikitulia. Shangazi yuko upande wa fundi kwa sababu ya wageni wa Idi. Chokaa ya ngazi imeshazimwa, iko kwenye pipa uwani chini ya maji, na hiyo haiharibiki kwa kusubiri.